Wote Walioitwa Mumba

Ile siku naikumbuka hata leo, mwanangu, na kila inaponirudia viganja vyangu huwa baridi, hata kama ni Oktoba na jua linachoma mabati. Ilikuwa mchana. Nasema mchana kwa sababu watu hudhani mambo ya namna ile husubiri giza. Hayasubiri. Yangu yalinikuta jua likiwa utosini, katika soko la mtaa wetu wa Kenya, hapa hapa Lubumbashi, kelele za wauza majani ya sombe upande mmoja na nyundo za mafundi upande wa pili.

Lakini nisikimbilie mbele. Juzi ulikuja kuniona, tumbo lako limeshakuwa zito, ukaketi hapa karibu na mlango na kunionyesha simu. "Kambo, angalia bantu benye jina yetu!" Ukanisomea: Mumba huyu alikuwa hakimu, Mumba yule mpiga ngumi, huyu chifu wa zamani, huyu mwanamke aliyefungua shule. Ukacheka kwa furaha. Ukasema mtoto akizaliwa, awe wa kike au wa kiume, ataitwa Mumba kama mimi, maana jina hili huzaa watu wakubwa. Nilinyamaza, ukafikiri Kambo, bibi yako, amesinzia. Sikusinzia. Nilikuwa natafuta pa kuanzia.

Wahenga wanasema jina jema hung'ara gizani. Ni kweli. Ila hawakutuambia linapong'ara linamulika nini.

Mimi nilizaliwa katika nyumba iliyokuwa imejaa jina hilo. Baba yangu alikuwa mchomeleaji wa vyuma, mtu mpole, mwenye makovu ya cheche mikononi. Jioni akishakula bukari, ugali wetu, alipenda kusimulia habari za akina Mumba waliotutangulia. Wa kwanza, alisema, alikuwa mwanamke aliyewavusha watu wake mto Lufira walipokuwa wanafukuzwa na wakamata watumwa. Alitangulia yeye kupima kina kwa fimbo, akawavusha wote, wazee na watoto wa mgongoni, na aliporudi kumchukua mbuzi wa mwisho, mto ukamchukua. Wa pili alikuwa mfinyanzi. Ndiye aliyefinyanga mirija ya udongo ya kupitishia upepo wa mivukuto katika tanuru za shaba, na mafundi wa mbali walikuja kwake kwa sababu mirija yake haikupasuka. Siku moja alishuka mtoni kuchimba udongo, ukingo ukamwangukia, maji yakamfunika.

Wa tatu alikuwa dada yake Baba mwenyewe.

Huyo Baba hakumsimulia kama alivyowasimulia wale wengine. Sauti yake ilishuka. Alikuwa mwimbaji, akasema, na sauti yake ilijulikana kutoka Kenya mpaka Karavia, kule penye ziwa. Alasiri moja alikwenda huko Karavia, na watu wakakuta viatu vyake kando ya maji, vimepangwa vizuri kama mbele ya mlango wa nyumba. Yeye hakuonekana. Walimtafuta na mitumbwi, walimtafuta na vijiti virefu. Hakukuwa na mwili, kwa hiyo hakukuwa na kaburi. Na kwa kuwa hakukuwa na kaburi, kilio hakikufanyika, na Baba alipokua alikataa kifanyike. Kiti chake kilibaki mezani. Tulikula tukikizunguka.

Mimi nilipozaliwa, miaka mingi baadaye, Baba alinipa jina la dada yake. Wewe unajua desturi yetu: ukimpa mtoto jina la mtu, unampa na heshima ya mtu huyo. Ukimwita mwanao kwa jina la baba yako, utamwita Baba, na watu watacheka kwa upendo. Ndivyo ilivyo. Lakini Baba hakucheka. Tangu nilipokuwa kwenye ubeleko aliniita Yaya, yaani dada mkubwa, na hakuniita kitu kingine. Nikianguka na kulia, alisema, "Pole, Yaya." Alipokuwa na shida kazini, alikuja kuniuliza mimi, mtoto wa kukaa darasani, "Yaya, unawaza nini?" Mama yangu alikuwa mtu wa Kasai, mwenye biashara yake ya vitunguu, na katika mambo ya majina ya ukoo wa mumewe hakuwa na sauti. Aliniita mwana, polepole, tukiwa wawili tu jikoni.

Na Kambo, mama yake Baba, mzazi wa yule aliyepotea? Kila Baba alipoanza hadithi za akina Mumba, Kambo aliinuka, akatoka nje, akajifanya anaangalia kuku. Nilidhani anachoka kusikia. Maji usiyoyafika, mwanangu, hujui wingi wake.

Sasa nirudi sokoni. Nilikuwa nimemaliza shule, nimekubaliwa kwenda kujifunza kazi ya uuguzi. Mama alinituma nipeleke kikwembe chake cha kitenge kwa fundi wa nguo, fundi yeyote, kipunguzwe kiunoni. Kambo hakuwapo mjini. Alikuwa amekwenda shambani kwao kwa msimu wa kupanda. Nikapita safu ya mafundi, nikaona mzee mmoja hana mteja, cherehani yake ya kukanyaga kwa miguu imeng'aa kwa kushikwashikwa. Macho yake yalikuwa na utando mweupe. Alikuwa akishona kwa vidole zaidi ya macho.

"Shikamoo, Baba," nikamsalimu.

Mguu wake ukasimama juu ya kikanyagio.

"Jina yako nani?"

"Mumba."

Akaiachia nguo aliyokuwa akishona. Kisha akainuka, akashika ukuta wa banda lake, akaingia ndani, na nikasikia anasogeza masanduku. Alipotoka alikuwa na furushi mikononi.

"Ulikawia sana, Mumba," akasema. Hakuwa na hasira. Alisema kama mtu anayemwambia jirani yake. "Nguo yako nilikwisha kuimaliza zamani. Ulisema utaipitia kisha ya mvua."

Nikataka kumwambia kwamba amekosea mtu. Lakini alikuwa ameshanikaribia na utepe wake wa kupimia, akaupitisha mabegani pangu, akaushusha mkononi, akauzungusha kiunoni, na vidole vyake vilikuwa baridi kama vya mtu aliyetoka kuchota maji kisimani. Akatabasamu. "Haukubadilika hata kidogo," akasema. "Watu banasema miye naona mubaya. Mikono yangu haisahau muntu."

Fundi Kishimba, hilo ndilo lililokuwa jina lake, hakuwa mwendawazimu. Niliuliza baadaye. Alikuwa mtu wa kanisa, mtu wa maneno machache, ambaye hakuwahi kutupa nguo ya mteja. Wengine walisema hakuoa kwa sababu ya nguo ile. Mimi sijui.

Nilifungua furushi nyumbani, chumbani peke yangu. Ilikuwa gauni la rangi ya bluu iliyokoza, lina madoa meupe kama manyoya ya kanga, na halikuwa na harufu ya kitu kilichofungiwa. Hilo lilinishtua kuliko yote. Nguo iliyokaa kwenye sanduku hunuka sanduku. Ile ilinuka jua, kama iliyoanuliwa asubuhi hiyo. Nikaivaa. Ikanikaa mabegani, ikanikaa kifuani, ikanikaa kiunoni, pasipo kuvuta wala kulegea popote.

Nilipotoka, Baba alikuwa anakula. Akainua macho. Tonge la bukari lilikuwa mkononi, na lilibaki mkononi mpaka likapoa.

"Yaya," akasema. "Unarudia nyumbani."

Akalia, mwanangu. Sikuwahi kumwona mzazi wangu akilia. Ungefanya nini? Ungesema, Baba, mimi ni binti yako, hii ni nguo tu? Mimi nilikuwa msichana, na baba yangu alikuwa ananitazama kwa furaha ambayo sikuwahi kuiona usoni pake. Alipoomba, "Tuimbie, Yaya," nikafungua mdomo. Ulikuwa wimbo wa dada yake ambao Baba alikuwa akiufuatisha puani akichomelea vyuma. Mimi niliujua mstari wa mwanzo tu. Nikaimba mstari wa mwanzo, ukaja wa pili, ukaja wa tatu, mpaka mwisho. Labda nilikuwa nimeusikia utotoni. Labda. Mama alisimama mlangoni na sufuria mkononi, na hakupiga makofi.

Habari haina miguu lakini inatembea. Kufika Jumapili, ua wetu ulijaa wazee waliomjua mwimbaji. Walikaa kwenye viti, wakaniomba niimbe, wakafuta machozi. Waliniambia nilivyokuwa zamani. Ndivyo walivyosema: nilivyokuwa. "Ulikuwa unapenda kukaa pale penye dirisha." Nikaanza kukaa penye dirisha. "Samaki ulikuwa hauwezi hata kuionja." Na mimi samaki nilikuwa nampenda sana, lakini wiki ile harufu yake ikaanza kunichefua, kweli kweli, si kwa kujilazimisha. Sikwenda kuanza masomo ya uuguzi. Hakuna aliyenikataza. Siku ilifika, nikaiona inapita, kana kwamba ni siku ya mtu mwingine. Nguo ya kuazima haisitiri matako, wanasema. Wasichosema ni kwamba ukiivaa mno, unasahau kwamba una nguo zako.

Usiku niliota maji? Hapana. Sikuota chochote. Hilo ndilo lililokuwa la ajabu: nililala kama kisima kilichofunikwa.

Kisha ukaja mwaliko. Tajiri mmoja alikuwa anamwoza mtoto wake, sherehe itafanyika Karavia, kwenye bustani kando ya maji, na mzee mmoja wa ukoo wao alikuwa amesikia kwamba Mumba amerudi. Alitaka nikaimbe wimbo ule. Baba alifurahi hadi akanunua viatu vipya anipe. Mama akaanza na "lakini" ya Kifaransa, akaishia hapo: "Mais, Karavia?" Baba akanipimisha viatu. Siku ya sherehe yeye mwenyewe hakuja. Alisema miguu yake haijafika pale tangu siku ile, na haitafika. Nikaondoka na wapigaji muziki, nimevaa lile gauni.

Bustani ilikuwa nzuri. Mahema meupe, watoto wakikimbia, nyama ikichomwa, wanawake wamevaa vikwembe vya sare moja. Jua la alasiri lilikuwa limelala juu ya maji kama mafuta. Nikaimba. Watu wakanyamaza, hata waliokuwa wakila. Na palipofika pumziko la wimbo, pale gitaa linapobaki peke yake, nikasikia mtu ananiita kutoka nyuma yangu.

"Yaya!"

Ilikuwa sauti ya mtoto.

"Yaya Mumba! Kuya!" Njoo, alikuwa akisema.

Nikageuka. Nyuma yangu palikuwa na nyasi, na baada ya nyasi matete kidogo, na baada ya matete maji. Hapakuwa na mtoto. Lakini sauti ile, mwanangu, ilikuwa sauti ya mtoto anayemjua vizuri anayemwita, ambaye ameita muda mrefu na koo limekauka. Hakuna mwanamke anayeweza kusikia sauti ya namna ile akabaki amesimama. Nikaanza kwenda. Wapigaji muziki baadaye walisema walidhani nimemaliza. Nilipofika penye matope nikavua viatu vyangu vipya ili visichafuke, nikavipanga. Nakumbuka nilivyovipanga. Nakumbuka tope likipanda katikati ya vidole, baridi, na jinsi ambavyo halikunisumbua.

"Yaya, kuya!"

Nikavuta pumzi ili niitike. Neno lilikuwa limeshafika kwenye ulimi.

Hapo kitu kikanipiga mgongoni, pa! Kikanipiga kwa nguvu hadi pumzi ikatoka bila neno.

Ilikuwa ndala.

"Usiitike!" Sauti ya Kambo. "Weye mutoto, usiitike! Funga kinywa! Rudi nyuma!"

Alikuwa anakuja katikati ya wageni wa harusi, kitambaa kimemwanguka kichwani, mguu mmoja una ndala na mwingine hauna, bakora inachimba nyasi za tajiri. Alikuwa amerudi kutoka shambani mchana ule ule. Alimkuta Mama analia jikoni, Mama akamweleza habari za gauni na za Karavia, naye hakutua hata mzigo wake vizuri. Alipanda basi dogo, na palipokwisha njia ya basi akatembea. Angalia jambo moja: hakuniita jina. Angeniita Mumba, sijui ni yupi kati yetu angegeuka.

Akanikamata mkono, akanivuta hadi kwenye nyasi kavu, akanikalisha chini. Kifua chake kilikuwa kinapanda na kushuka.

"Kambo," nikamwambia, "kuna mtoto kwenye maji. Ananiita."

"Najua."

"Umemsikia?"

Akayatazama maji. "Nilimusikia. Na miye namujua. Ile ni sauti ya baba yako."

Nikadhani amechanganyikiwa. Baba alikuwa mtu mzima mwenye mvi, na alikuwa nyumbani Kenya.

"Siku yaya yake alipotea," Kambo akasema, "baba yako alikuwa mutoto mudogo. Bantu balikuwa banatafuta na mitumbwi, yeye alisimama hapa, anaita vile vile. Yaya, kuya. Yaya, kuya. Mpaka sauti ikaisha. Tulimubeba kwa nguvu." Akanifuta tope miguuni na kitambaa chake cha kichwani. "Anaita mpaka leo. Hajanyamaza hata siku moja. Na sasa njo weye, ni weye unataka kuitika."

Tulirudi nyumbani kabla jua halijazama. Mama alitufungulia, akaniangalia miguu, akaniambia kwa sauti ya chini kwamba Baba alipitiwa na usingizi kwenye kiti chake alasiri ile, na katika usingizi alilia na kuita kwa sauti ndogo ndogo ambayo hakuwahi kuisikia kwa mumewe. Hakuelewa maneno yote. Neno moja alilielewa: Yaya.

Kambo aliketi juu ya kile kiti. Ndiyo, kiti cha mezani ambacho hakuna aliyekikalia tangu nizaliwe. Alikikalia kwa uzito wake wote, kikalia. Baba akasimama.

"Mama, ile kiti..."

"Ikala chini. Leo utanisikia." Akamtazama mpaka akaketi. "Huyu mutoto nilimukuta ndani ya mayi ya Karavia."

Baba akanitazama, akatazama tope kwenye pindo la gauni, na uso wake ukawa wa rangi ya jivu. Akasema kwa sauti hafifu, "Njo jina, ni ile jina. Bamumba bote banaenda na mayi. Wa kwanza alienda na mayi, wa pili..."

"Uongo!"

Kambo alipiga meza kwa kiganja, vikombe vikaruka.

"Mumba wa Lufira hakukufa na mayi. Alikufa muzee sana, meno hakuna, kiko yake iko mukinywa, anatukana bajukuu sababu banamusumbua. Kambo yangu miye alimuona kwa macho. Na Mumba wa vyungu alikufa na homa, juu ya kitanda, bana yake bote pembeni. Nani alibatia mu mayi? Njo weye. Ulikuwa kijana, ulianza kusimulia vile, na miye nilinyamaza. Nilisema, aache, moyo yake inauma. Yaya yake amekufa peke yake. Basi amutafutie bantu ba kufa naye." Sauti yake ikapasuka. "Mais sasa haubatafuti kati ya bale balikufa. Unataka kuua huyu, ili yule asikufe?"

"Hakukufa!" Baba akapaza sauti. "Nani alimuona? Mama, nani alimuona akikufa?"

"Hakuna," Kambo akasema. "Hakuna muntu. Nilimuzaa miye, na sijui. Ile njo mateso yangu, na haitaisha. Lakini nalia miye sasa, mwanangu. Nimechoka kungoja. Nipe ruhusa nilie mutoto wangu."

Baba alisogeza kikombe chake kando. Aliinamisha kichwa mpaka paji likagusa meza, na mama yake akaweka mkono juu ya shingo yake, na wote wawili wakakaa hivyo. Mimi nilikwenda chumbani, nikavua lile gauni. Halikuwa na harufu ya jua tena. Lilinuka sanduku.

Tulifanya kilio. Baada ya miaka yote ile tulitandika mikeka uani, tukafunga turubai, jirani wakaleta viti na unga, wanawake wakalala nasi kama inavyotakiwa. Watu wengine walinong'ona: nani amekufa? Tukawaambia jina, wakashangaa, kisha wakalia pamoja nasi, maana kila mtu ana mmoja ambaye hajamlia vizuri. Mchungaji alisitasita kuzika nguo. Kambo akamwambia, "Basi omba tu, kuzika tutazika shiye." Tukalizika lile gauni kando ya kaburi la babu yangu. Fundi Kishimba aliletwa kwa kushikwa mkono. Aliomba alishike kwanza. Akapitisha vidole juu ya mshono wa kiunoni, taratibu, mpaka mwisho, kama anayehakikisha hajaacha uzi, ndipo akalilaza mwenyewe. Mficha maradhi, kilio humfichua. Siku ile kiliwafichua wengi, na yeye mmoja wao.

Usidhani kwamba Baba alipona siku hiyo. Wanaosimulia hivyo hawajaishi na mtu mwenye huzuni. Baada ya kilio alishindwa kuniita lolote. Yaya hakuweza tena. Jina langu hakuwahi kulizoea. Kwa miezi mingi nilikuwa "weye pale". Nilikwenda kuanza uuguzi mwaka uliofuata, nikarudi jioni na vitabu vyangu, naye akaniangalia kama mgeni anayemheshimu. Nililia kwa siri. Nilifikiri tumemzika dada yake tukazika na upendo wake kwangu.

Ikawa jioni moja ya kawaida kabisa. Mama alikuwa ametoka. Baba alionja sombe, akakunja uso, akasema bila kugeuza kichwa, "Mutoto, muletee baba yako chumvi."

Nilimletea. Aliichukua, akatia chumvi, akala. Hakujua alichosema, na mimi sikumwambia. Nilikwenda nyuma ya nyumba nikashika ukuta.

Nimekuwa mkunga maisha yangu yote. Nimepokea watoto wa mji huu, na wengi wao nimesikia wakipewa majina ya wafu kabla hawajanyonya. Sikuwahi kusema neno. Na Karavia nimekwenda mara nyingi, harusini na matembezini. Ni mahali pazuri. Lakini nikiwa pale siyapi maji mgongo, na mtoto akiita "Yaya", naangalia kwanza kama ana kivuli. Umri wangu huu wote, sijui kilichompata shangazi yangu. Sijui niliyemsikia alikuwa nani. Wapo watakaokuambia ilikuwa masikio ya msichana na gitaa na jua. Waache waseme. Kambo alikuwa na masikio yake mwenyewe, naye alisikia.

Basi mwanangu, asiyesikia la mkuu huvunjika guu, sikia langu. Sikukatazi jina. Mwite mtoto Mumba ukitaka. Lakini ukimpa, umpe lote. Mwambie kwamba Mumba wa Lufira alivusha watu, na alizeeka, na alitukana wajukuu. Mwambie kwamba Mumba mfinyanzi alikufa kwenye kitanda, na wanawe walikuwapo. Mtu mkubwa hakuwa mkubwa kwa sababu ya jina. Jina lilikuwa linamfuata tu nyuma, kama sisi wote. Watu elfu wakiitwa jina moja, kila mmoja amekwenda kwa miguu yake. Atakayekuambia kwamba wote walipita njia moja, mtazame vizuri: huenda kuna mmoja kati yao ambaye hajamlia.

Na wafu wako uwalie. Ulie siku ileile, ulie kwa sauti, hata kama hakuna mwili, hata kama watu wanashangaa. Machozi usiyoyatoa hayakauki. Yanatafuta mtoto wa kuyabeba. Usimfanye mtoto wako kiti cha mtu asiyerudi. Mwite kwa heshima ya aliyemtangulia, ndiyo, ni desturi yetu na ni nzuri, lakini kila siku, walau mara moja, mwite "mtoto". Na yeye akikua umfundishe: si kila anayeita jina lako anakuita wewe. Asikie kwanza, atazame, ndipo aitike.

Sasa leta mkono wako hapa. Mungu aliyekufinyanga akulinde siku ya uchungu, akupe mtoto mwenye sauti yake mwenyewe. Akanyage tope asizame, aingie majini atoke, avae nguo zilizoshonwa kwa kipimo chake. Waliotutangulia wamtazame kwa upendo, na wabaki walipo. Na azeeke, mwanangu. Azeeke sana.